Sindano za Bibi Likwata

Kila alasiri Restuta alipotoka shule, hata kabla hajavua sare, sauti ilimwita kutoka nyumba ya jirani.

"Restuta, mjukuu wangu, njoo unitungie uzi. Macho yangu yamekwisha."

Bibi Likwata aliishi peke yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikimwagika nchini, na vijana wa kijiji cha Mtama waliacha majembe wakaenda kuitembeza Dar es Salaam. Xaveri, mwanawe wa pekee, alimtumia mama yake blanketi na redio. Mwenyewe hakuja.

Kutunga uzi kulikuwa kazi ndogo. Maneno ndiyo yaliyochelewesha. Bibi aliuliza habari za shule, za mama, hata za kuku, na huko uwanjani wenzake Restuta walikuwa wakicheza mpira wa rede.

"Fundi cherehani kafika," Sauda, mmoja wao, alimcheka. "Tumeshamaliza, dada."

Siku moja Restuta alizichukua sindano zote za Bibi, akazitunga nyuzi ndefu, akazichomeka kwenye kimto cha sindano.

"Hizi zitakutosha mpaka Krismasi, Bibi. Huna haja ya kuniita tena."

Bibi alikipapasa kimto. "Ahsante, mjukuu wangu."

Hakuita tena. Restuta alicheza rede mpaka akachoka.

Jumapili Bibi hakuonekana kanisani. Mama yake Restuta alipika uji, wakaupeleka pamoja. Jiko la Bibi lilikuwa baridi. Mwenyewe alilala ameelekea ukutani, na sindano zilikuwa palepale, hazijaguswa.

"Shikamoo, Bibi. Unaumwa wapi?" mama aliuliza.

"Marahaba. Siumwi. Nikipika, nitakula na nani?"

Kando ya kimto ilikuwapo kanga. Restuta aliikunjua. Haikuwa imechanika popote, ila pindo lake lilijaa matundu ya sindano: lilishonwa, likafumuliwa, likashonwa tena.

Restuta akachomoa nyuzi zote kwenye sindano, akaketi kitandani.

"Bibi, leo nitunge uzi gani?"

Bibi akageuka polepole. "Mweusi. Lakini kwanza niambie, yule kuku wenu ameshaangua?"

Akapokea uji.

Walipokuwa wakirudi, Restuta alilia. Mama hakumbembeleza.

"Lia, lakini hukukosa peke yako. Bibi yule alinibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, nami napita mlangoni pake bila kuketi. Mzee haishi kwa uji na blanketi tu, mwanangu. Anaishi kwa watu. Xaveri atakuja siku ya mazishi, na atalia kuliko sisi sote. Wewe nenda kesho, angali anasikia."