Mikono Juu ya Ungo

Msaili hakuwa na uso. Alikuwa sanduku jeupe lenye jicho moja la kioo, limesimama katikati ya jumba la maonyesho la Tanga kama friji iliyosahauliwa na wahamaji. Hakuna picha iliyotundikwa ukutani kabla yeye hajamhoji aliyeipiga.

Siku hizo mashine-bunifu ziliweza kutoa picha ya harusi isiyofungwa na mvua isiyonyesha, tena nzuri kupindukia, na watazamaji walitaka kujua ipi imepigwa na mtu. Kwa hiyo Msaili aliuliza, akapima mtetemo wa sauti ya anayejibu, akatoa hukumu. Taa ya kijani, picha ya mtu. Taa nyekundu, picha ya mashine, na mpigapicha akafutwa kwenye daftari la wasanii. Asiyeridhika akapigie kelele nyumbani kwake.

Maswali yote aliyatunga Mhandisi Mbaruku. Kwa miaka kadhaa alikula na kulala katika karakana ya jumba hilo ili ayapate sawasawa, na alijivunia kazi hiyo bila kuona haya.

Asubuhi hiyo alihojiwa Riziki Shemdoe, mpigapicha wa siku nyingi. Picha yake ilionyesha mikono ya mwanamke ikichambua mchele kwenye ungo. Uso haukuonekana.

"Mwanga ulitoka wapi?" aliuliza Msaili.

"Mlango wa uani. Madirisha yalikuwa na mapazia."

"Kwa nini hukupiga uso?"

"Mwenyewe alikuwa kwenye eda, amefiwa na mume. Mimi nilikwenda kumpa pole. Mikono ndiyo aliyoniruhusu."

"Mikono hii ni ya nani?"

"Siwezi kusema. Nilimwahidi."

"Jibu halijapokelewa. Mikono hii ni ya nani?"

Mbaruku, aliyesimama pembeni, alitabasamu. Hilo ndilo swali lake bora kuliko yote: picha ya kughushi haina mtu ndani yake, na anayeghushi hukwama hapo.

"Dada, taja jina tu yaishe," alisema. "Halitangazwi popote."

"Si wewe utalisikia, Mhandisi? Mama wa watu alinisihi. Ana mtoto mmoja tu, alikuja siku ya maziko, kesho yake akarudi kazini. Tangu hapo kila siku mama anachambua mchele wa watu wawili, huenda akatokea. Hataki mwanawe ajue, asije akaumia."

"Jina lako lifutwe kwa sababu ya mchele?"

"Basi lifutwe."

Mbaruku alishusha pumzi, akaisogelea picha ili atafute kasoro ya mashine na kumaliza ubishi. Alianzia kwenye kucha, akashuka kwenye viungo. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimepinda, na alikijua. Kilibanwa na mlango wa gari lililompeleka yeye shule ya bweni, kwa sababu mama alichelewa kuuachia.

Baba yake alizikwa Pangani mwaka uliopita. Kwa treni ya sumaku, Pangani ni mwendo wa kunywa kikombe cha chai. Mbaruku aliona aibu, aibu ya mtoto aliyefumaniwa, na hakujua aiweke wapi mbele ya Riziki.

"Mikono hii ni ya nani?" Msaili aliuliza kwa mara ya mwisho.

"Ya mama yangu," alisema Mbaruku.

Jicho la kioo likamgeukia. "Shahidi, ulikuwepo picha ilipopigwa?"

"Hapana."

"Ulikuwa wapi?"

Swali hilo alilitunga mwenyewe, la kunasa mashahidi wa uongo. Alilijaribu kwa sauti za watu wengi, kamwe si kwa yake.

"Nilikuwa hapa," alisema. "Nikikufundisha kuuliza."

Msaili alipima sauti. Haikuwa na uongo wowote. Taa ya kijani ikawaka, na jina la Riziki Shemdoe likabaki kwenye daftari.

Riziki hakuitazama taa. Alikuwa akimtazama mhandisi.

"Alinisihi usijue," alisema.