Kivinjari Kisichokumbuka Kitu

Ting! Simu ililia mara moja chumbani mwa rafiki yangu, fundi cherehani, jioni moja umeme ulipokatika. Lilikuwa tangazo la sare za darasa la kwanza.

Rafiki yangu akaigeuza simu kifudifudi. Miaka saba nyuma alijifungua, mbali na kwao, mtoto ambaye hakufikisha hata siku mbili. Hakumwambia mtu. Alitafuta tu mtandaoni, mara moja, dawa ya kukausha maziwa. Tangu hapo matangazo yalimwandama: nepi, halafu viatu vya kujifunzia kutembea, halafu baiskeli ya magurudumu matatu. Yalikuwa yakikua.

Akamwita kaka yake, fundi wa kompyuta.

"Kivinjari chako, hiki unachotafutia mtandaoni, kinakuchunguza," kaka akacheka. "Kina umbea kuliko shangazi."

Akakifuta na historia yake yote, akaweka kingine.

"Hiki hakikumbuki kitu, mdogo wangu. Kwani una siri gani?"

"Fanya kazi, kaka."

Ukurasa mpya ukafunguka mweupe, ukaangaza nyuso zao gizani. Kisha sweta ndogo ya shule ikajitokeza taratibu, na kifuani, kwa uzi mwekundu, limetariziwa jina. Ni jina alilomnong'oneza mwanawe sikioni, asiliandike popote.

Akanyoosha mkono kufunika kioo, lakini alichelewa. Kaka yake akalisoma kwa sauti, polepole, kama anayemwita mtoto aingie ndani.