Mshono wa Kurukaruka

Mwalimu Mizizi alilala kifudifudi chini ya vitambaa alivyovipenda kuliko watu. Pasi nzito ya chuma ilikuwa karibu na kichwa chake, na damu ilikuwa imeshaganda sakafuni.

"Nani kamkuta?" Inspekta aliuliza.

"Yule pale, afande." Koplo alionyesha kwa kidevu.

Mlangoni alisimama nesi kijana, meno yakimgongana ingawa asubuhi ilikuwa na joto. Mkono wa gauni lake ulikuwa umechanika begani. Alinasa kwenye msumari wa mlango alipokimbia kuita watu.

Chumba kilikuwa cha Chama cha Nasaba, ghorofani, juu ya duka la vioo. Jumatatu wanachama walifundishwa kusoma kumbukumbu za zamani. Jumatano walijifunza kuwahoji wazee bila kuwakata kauli. Ijumaa walishona. Ndiyo, walishona! Kila mmoja alitarizi kitambaa cha ukoo wake, majina ya mababu juu, lake chini, na uzi ukiyaunganisha. Mwalimu, aliyeitwa Mizizi kwa sababu hakuchoka kuchimba, alikuwa na kanuni moja, na ole wako uivunje. Mshono mzima mwekundu ni mtoto wa kuzaa. Mshono wa buluu wa kurukaruka ni mtoto wa kulea.

Leo Jumamosi yalikuwa maonyesho. Ndugu na jamaa wote walikuwa wamealikwa.

Daktari wa polisi aliinuka akivua glavu. "Pigo moja kisogoni. Amekufa jana, jua likizama, darasa lilipokwisha kutawanyika. Lakini hebu njoo uone hiki."

Inspekta alichuchumaa. Juu ya damu kulikuwa na vipande vidogo vya uzi wa buluu.

"Viko juu ya damu?" aliuliza. "Si chini yake?"

"Juu kabisa."

 Inspekta alikuwa ameona maiti za kila namna, lakini sasa nywele zilimsimama shingoni.

"Koplo, huyu muuaji hakukimbia. Aliua, kisha akavuta kiti akaketi hapa, miguu yake karibu na marehemu, akaanza kufumua mshono."

"Mungu wangu! Na maiti ikiwa hapo hapo?"

"Hapo hapo."

Walikagua vitambaa ukutani, kimoja baada ya kingine. Cha pembeni, karibu na dirisha, kilikuwa na matundu ya sindano yaliyoachana, alama za uzi uliotolewa. Pembeni ya matundu hayo ulipita mshono mwekundu, mzima, mzuri ajabu, kutoka jina la mama hadi jina la binti.

"Hiki cha nani?"

Nesi alisogea. Alikitazama kitambaa, akautazama ule mshono kwa muda mrefu. Inspekta aliona hofu yake ikibadilika. Mwanzo alikuwa ameogopa maiti tu. Sasa aliogopa kitu kingine, kikubwa zaidi.

"Changu," alinong'ona. Kisha akapaza sauti. "Ni mimi! Nimemuua mimi!"

Koplo hakusubiri. Alifungua mkoba wa nesi na kutoa sindano, mkasi mdogo na uzi mwekundu.

"Siku za mwizi arobaini," alisema akitabasamu. "Kesi imekwisha hata chai hatujanywa."

Inspekta aliuchukua ule uzi, akaugeuza. Karatasi ya kiwandani ilikuwa bado imeufunika, haijabanduliwa hata pembeni. Aliutia mfukoni.

Kituoni, katika chumba cha mahojiano chenye meza moja na dirisha la nondo, aliketi mbele ya yule binti nesi.

"Ulimpiga na nini?"

"Pasi."

"Mara ngapi?"

"Mara... mbili."

"Daktari anasema moja."

"Basi moja. Nilichanganyikiwa."

"Kwa nini?"

"Alinilazimisha kushona buluu. Nilimwambia siri yangu, kwamba mama hakunizaa. Akasema nasaba haitaki aibu, andika ukweli au toka darasani." Alinyoosha mikono mezani kama anayesubiri pingu. "Nikashona. Afande, nifungie tu, yaishe."

Inspekta alitoa leso yake mfukoni na sindano kutoka kwenye mkoba, akaitunga uzi aliouchomoa ukingoni mwa leso. "Shona hapa. Mstari mmoja."

"Kwa nini?"

"Shona, binti."

Alishona kwa mkono wa kulia. Inspekta aliilaza leso kando ya kitambaa cha ukoo walichokuja nacho. Mishono ya leso ililalia kulia. Mishono myekundu ya kitambaa ililalia kushoto, yote, bila hata mmoja kukosea.

"Unamficha nani?"

Binti aliziba uso kwa viganja. Bega la gauni lililochanika lilitikisika kwa kilio.

Hapo mlango ukabishwa. Koplo alimwingiza mwanamke wa makamo, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya stesheni, sweta mkononi, pumzi juu juu.

"Shikamoo, afande. Nimeambiwa mwanangu..." Kisha akaliona gauni. "Ee! Ndiyo unakaa mbele za watu hivi?"

Akainua mkono, akachomoa sindano yenye uzi iliyochomekwa kwenye ukosi wake, kama mafundi wanavyofanya, akainama begani kwa binti.

Sindano ilikuwa mkono wa kushoto.

"Mama, acha!"

"Tulia, nitakuchoma."

"Mama, usishone! Nakuomba, usishone!"

Mwanamke hakusikia, au mkono wake haukusikia. Ulikwenda haraka, na mpasuko ukafunga. Binti alimtazama Inspekta kwa macho ya mtu anayeona nyumba yao ikiungua.  Inspekta angependa kutazama pembeni. Hakutazama.

"Mama," alisema taratibu, "mishono ya bega hilo imelalia kushoto. Na ya kitambaa hiki pia. Jana jioni ulikuwa wapi?"

Mkono ulisimama. 

"Mwachie mwanangu," mwanamke alisema hatimaye. "Hajui lolote."

"Nieleze basi."

"Nilipeleka mapazia ya maonyesho. Nikakiona kitambaa ukutani. Jina langu, jina lake, na katikati ile buluu ya kurukaruka, na pembeni karatasi inayoeleza maana ya kila rangi." Aliigeuza sindano vidoleni. "Leo wangekuja shemeji zangu, wifi zangu, wote. Nilimwomba Mwalimu akishushe. Nilipiga magoti, afande. Akasema kweli ni kweli, akanipa kisogo, akaendelea kupiga pasi ukingo wa pazia. Alipoiweka pasi chini, niliichukua."

"Halafu ukaketi ukashona."

"Ningefanyaje? Kitambaa kisingekuwepo, kila mtu angeuliza kiko wapi. Na kukiacha vile... mkono wangu ulikataa. Nilikuwa nasikia kama anapumua bado, nikaogopa kugeuka. Nikashona tu hadi mwisho."

Koplo alijifuta jasho usoni.

"Na mtoto alikuwa wa nani?" Inspekta aliuliza.

"Msichana mmoja alikuja dukani kwangu kupima gauni, akamwacha kwenye kapu la vitambaa, asirudi. Mume wangu alikuwa safarini kikazi miezi mingi, na kwao walishaanza kuniita mgumba. Nikasema wangu. Tangu siku hiyo, kila mlango ukibishwa, moyo unanipasuka. Nasema ndiye huyo, amekuja kumchukua. Watu husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nani alisema kuhusu woga, afande? Nimekula nao, nimelala nao." Aligeuka kwa binti. "Nilidhani ukijua utaniacha."

"Mama." Sauti ya binti haikutoka vizuri. "Mimi nilijua zamani. Ulipofanyiwa upasuaji nilitaka kukutolea damu. Wewe kundi lako AB, mimi O. Mimi nesi, Mama. Mtu wa AB hazai mtoto wa O. Nilikaa chooni hospitalini nikalia, kisha nikanawa uso nikaja kukulisha uji."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Uji ulikuwa unapoa."

Mwanamke alitikisa kichwa, kama anayekataa bei. "Lakini ulishona buluu."

"Alinishinda maneno. Usiku kucha sikupata usingizi. Leo asubuhi nilisubiri duka la uzi lifunguliwe, nikakimbia kule darasani kabla watu hawajafika."

"Kufanya nini?"

 Inspekta ndiye aliyetoa uzi mwekundu mfukoni na kuuweka mezani, karatasi yake ikiwa bado nzima.

Mwanamke aliutazama. Alielewa polepole, na alipoelewa alitoa sauti ambayo Koplo, miaka mingi baadaye, hakupenda kuisimulia.

Ilibidi Koplo amfunge mama pingu. Uzi wa bega ulikuwa bado haujakatwa. Ulimwunganisha binti na sindano iliyokuwa vidoleni mwa mama yake. Inspekta alichukua ule mkasi mdogo, akasita, kisha akaukata uzi yeye mwenyewe.

Kabla ya kutoka, mwanamke aliuokota uzi mpya kwa mikono iliyofungwa, akabandua karatasi, akausugua kwa kidole gumba kama afanyavyo dukani kila siku.

"Umechagua vizuri, mwanangu," alisema. "Huu hauchuji."