Majina Yasiyosomwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Serwaa alifagia mbele ya duka la mama yake mjini Techiman, kisha akapangusa tangazo la msiba wa bibi yake lililobandikwa ukutani. Juu ilikuwa picha ya Nana. Chini yaliandikwa majina ya watoto na wajukuu wote, miji wanakoishi, na namba ya simu ya mama.

Jumatano simu hiyo iliita. Mama alikuwa na wateja, Serwaa akapokea.

"Serwaa? Mjomba wako Fofie hapa, wa Hamburg. Zinaingia tarakimu sita kwenye simu hiyo, nisomee upesi. Nakusanya rambirambi za ndugu wa huku."

Sauti hakuitambua, lakini jina la mjomba lilikuwa pale ukutani. Akasoma. Punde mama akashindwa kufungua akaunti yake ya ujumbe.

"Simu hii imezeeka," mama alinung'unika. Serwaa alishajua kosa lake, ila aliogopa, akanyamaza.

Jumamosi waombolezaji walijaa uwanjani na mavazi yao meusi na mekundu. Mtangazaji alisoma kwa kipaza sauti majina ya waliochanga, kama ilivyo desturi. Alipomaliza, Bi Takyiwaa, muuza viazi vikuu, alisimama, akamgeukia mama.

"Konadu, mbona mimi sijasomwa? Si umeniandikia mwenyewe nikutumie kwa simu?"

"Hata mimi!" mwingine akadakia.

"Umekula rambirambi ya mama yako mzazi? Huna haya!"

"Ujumbe gani jamani?" mama aliuliza huku machozi yakimtoka.

Serwaa aliwaka hasira. Mwizi gani huyu asiyeheshimu hata maiti, anayemwaibisha mtu siku ya kumzika mama yake? Akakinyakua kipaza sauti.

"Mama hajui lolote! Ni mimi niliyemsomea tapeli tarakimu zilizoingia kwenye simu yake, naye ndiye aliyewaandikia!"

Siku ileile walikwenda polisi. Inspekta Dufie wa kitengo cha uhalifu wa mtandaoni aliitazama namba iliyopokea pesa, akaomba ifungwe. Jumatatu mwenye laini alifika ofisi ya kampuni ya simu akifoka kwamba amefungiwa pesa zake. Zake! Polisi walikuwa wanamsubiri. Katika simu yake walikuta picha za matangazo ya misiba arobaini.

"Tarakimu hizo ni ufunguo wa nyumba," Inspekta alimwambia Serwaa. "Hata mjomba wa kweli usimpe. Na ungesema Jumatano, asingeibiwa mtu. Ukimya wako ndio uliompa mwizi siku tatu. Ulipokiri, ndipo tukamkamata."

Jumamosi iliyofuata ukoo ulikutana tena. Mama alimpa Serwaa orodha ya majina yaliyobaki. Alianza kwa sauti ndogo.

"Paza sauti, mwanangu," alisema Bi Takyiwaa, macho chini. "Wasikie wote tuliomtukana mama yako. Anza na mimi."