Gari Lililonuka Mdomo

Mtu anayeshinda kutwa akitengeneza meno bandia, pua yake huzoea mengi. Fundi Meno alikuwa hivyo. Ufizi uliooza, ulimi wenye utando, pumzi ya mvutaji sigara mkongwe... vyote vilimpita kama upepo. Mkewe alikuwa akimtania kwamba hata choo kikiziba, yeye ataingia na gazeti lake akae.

Jioni moja alitoka kazini moja kwa moja kwenda kumchukua mama mkwe. Mkewe alikuwa mjamzito, siku zimetimia, na mama alikuwa anakuja kukaa nao mpaka mtoto azaliwe. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghala, mwanga umebaki kidogo, ule wa kumwona mtu bila kumtambua.

Gari lake lilikuwa la umeme. Lilikuwa mtumba, lakini lilikuwa limepigwa rangi likapendeza. Aliyemuuzia alikuwa na ulimi wa asali. "Halinywi mafuta, halina kelele, na likiugua linajitibu lenyewe kwa mtandao."

Hilo la kujitibu ndilo lililokuwa balaa. Kila lilipojisasisha, ugonjwa mmoja ulipona na miwili ikazaliwa. Mara waipa za kioo cha mbele zikagoma kuzima, jua linawaka. Mara kiti kikapata moto mpaka akaendesha amejiinua kama mwenye jipu. Mara milango ikajifunga, yeye yuko nje peku na viatu viko ndani. Akimpigia muuzaji, jibu lilikuwa lile lile: "Subiri toleo jipya, kaka. Litamaliza yote."

Mama mkwe alipanda nyuma. Hawa wawili waliheshimiana sana, heshima ya kukohoa kwanza ndipo useme. Meno aliyovaa mama, ya juu na ya chini, aliyatengeneza Fundi kwa mikono yake. Lakini vipimo alichukua daktari, na jambo hilo halikuwahi kutajwa kati yao hata kwa fumbo.

Walipofika katikati ya maghala, gari likapunguza mwendo lenyewe. Likasimama.

Skrini ikawaka. *Sasisho jipya liko tayari. Kubali.*

Fundi akatafuta pa kukataa. Hapakuwepo. Akabonyeza.

Tak! Milango yote ikajifunga.

"Samahani, mama. Litamaliza sasa hivi."

"Haya, baba. Haraka ya nini?"

Kidogo kidogo, harufu ikaanza.

Mama akakohoa. "Baba..."

"Naam, mama."

"Usinielewe vibaya. Tumbo lako liko salama?"

Fundi akahisi masikio yanawaka. "Si mimi, mama."

"Basi wala si mimi."

Wangekuwa watu wengine wangecheka. Lakini harufu haikungoja. Ilijaa mle ndani nzito, ya joto, ikakaa kooni kama kohozi. Fundi akapapasa vitufe vya madirisha. Vilikuwa vimekufa. Akavuta kitasa. Kikacheza tu, kama jino lililolegea.

Ndipo alipogundua kwamba hewa ya kwenye matundu ya kiyoyozi inakuja... kisha inarudi.

Inakuja. Inarudi.

Ilikuwa inapumua.

Na harufu ile aliijua. Haikuwa ya mzoga wala ya maji taka. Ilikuwa harufu ya mdomo. Mdomo mkavu wa mtu aliyekosa maji mpaka mate yakageuka gundi.

Kitu kikamdondokea mkononi. Kilikuwa vuguvugu. Alipouvuta mkono, uzi mnene ukavutika nao kutoka kwenye tundu, unang'aa, haukatiki. Ukalegea katikati, ukamlalia kwenye goti. Mwingine ukashuka kwenye usukani. Mwingine ukapita juu ya skrini, maandishi yakionekana nyuma yake yamepinda.

Yeye aliyezoea midomo ya watu, matapishi yakampanda mpaka kwenye meno. Akayameza, kwa aibu ya mkwe. Yalishuka yakichoma.

Sauti ya gari, ile ya binti mpole wa kuonyesha njia, ikafunguka. Ilikuwa imezeeka. Ilikuwa sauti isiyo na jino hata moja.

"Thathitho... limekamilika."

Fundi akavuta kitasa tena.

"Abiria... watatu."

Walikuwa wawili.

Kengele ya mkanda ikaanza kulia. Ti, ti, ti. Taa ndogo ilionyesha kiti cha nyuma, kando ya mama mkwe. Fundi akatazama kwenye kioo. Kiti kile kilikuwa kitupu, lakini godoro lake lilikuwa limebonyea, na lilizidi kubonyea kuelekea kwa mama, kama mtu anayejisogeza akae karibu.

"Baba," mama akanong'ona, "kuna mtu ananinusa."

"Mama, njoo mbele!"

"Siwezi. Amenishika shavu. Mkono wake umelowa."

Fundi akajirusha kati ya viti, akamshika mama kifundo cha mkono. Shavu la mama lilikuwa limebinywa ndani, vidole visivyoonekana vimeacha vishimo vitano, na mate yanamtiririka kidevuni ambayo hayakuwa yake.

"Meno," ikasema ile sauti, sasa si kwenye spika tena. "Nipe meno. Nitoke."

Mama akamtazama mkwewe. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu anayeambiwa avue nguo sokoni.

"Geuka, mwanangu," akasema. "Tafadhali."

Fundi akageuka, macho akayafumba kabisa. Akasikia mlio mdogo wa maji, wa kitu kinachobanduka kwenye ufizi. Akasikia kimewekwa juu ya kiti. Kisha ukaja mfyonzo mrefu, wa mtu anayelamba sahani asibakize kitu, na baada yake...

Kro. Kro. Kro.

Tak! Milango ikafunguka.

Walitembea mpaka barabara kubwa, mama amejifunika mtandio mpaka puani. Walipoziona taa za maduka, akamvuta mkwewe shati. Maneno yakatoka yameviringika.

"Mkeo athijue."

"Habari za gari, mama?"

"Habari za meno."

Kesho yake Fundi alilipeleka gari kwa muuzaji likiwa limefungwa nyuma ya lori. Muuzaji hakuwepo. Alikuwepo fundi wake wa umeme, mwanamume mnene asiyependa kumwangalia mtu usoni. Fundi Meno akaubandua mwenyewe mfuniko wa ndani wa mlango wa nyuma, uliokuwa mpya kuliko mingine. Chini yake plastiki ya kitasa ilikuwa imetafunwa. Mikwaruzo juu ya mikwaruzo. Na katika ufa mmoja kilikuwa kimenasa kipande cha jino, cha njano, kilicholika. Hakuhitaji miwani. Lilikuwa jino la mzee.

"Lilikuwa na bibi kizee ndani; mwanawe aliingia dukani mara moja," yule mnene akasema polepole, akiipangusa spana iliyokuwa safi. "Akamwacha bibi kiti cha nyuma. Gari likaanza kujisasisha. Jua lilikuwa kali, kaka... Kampuni ilisema ni hitilafu ya programu. Wameshairekebisha."

Muuzaji alipopigiwa simu akaapa kwa kila kitakatifu kwamba gari litakatwa vipande, liuzwe chuma chakavu. Fundi akamwamini, kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi kuliko kurudi kulitazama.

Mtoto alizaliwa salama, msichana mwenye mapafu ya mpiga mnada. Bibi yake alimbembeleza kwa midomo iliyokunjamana, maana meno mapya aliyakataa katakata. Mkewe Fundi alishangaa sana.

Miezi ikapita. Siku moja daktari akamletea Fundi mgonjwa kwenye chumba chake cha kazi, mama wa makamo, mcheshi, aliyejawa na haya.

"Mimi meno yangu mazima," akasema. "Ila mume wangu anasema nanuka mdomo. Nimepiga mswaki mpaka fizi zinatoka damu. Hebu nisaidie, fundi, ndoa inavunjika."

Fundi akamwambia apanue. Akainama, akavuta hewa. Mdomo ule ulikuwa msafi kama wa mtoto.

"Ananusa wapi hiyo harufu?"

"Ndiyo maajabu yenyewe. Nyumbani wala hasemi. Ni tukiwa garini tu." Akacheka. "Gari zuri, tumelipata kwa bei ya kutupa. La umeme."

Kioo cha mkononi kikamponyoka Fundi kikaanguka sakafuni.

"Liko wapi?"

"Lipo hapo nje. Nimewaacha wanangu ndani, nimewaambia sikawii..."

Fundi hakungoja amalize. Alishuka ngazi akiruka, akampiga kumbo mgonjwa mwingine mlangoni, akatoka kwenye jua la saa sita.

Lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, na rangi nyingine. Vioo vyote vilikuwa na ukungu kwa ndani. Kiganja kidogo kikaufuta ukungu mara moja, na ukungu ukarudi.

Akavuta mlango. Haukufunguka. Ndani, nyuma ya uzi mnene uliokuwa ukishuka taratibu, skrini ilikuwa inawaka.

Na sauti, sasa ikiwa na meno, ikitamka kila neno vizuri kabisa, ikasema:

"Tafadhali subirini. Sasisho linaendelea."