Diski Isiyo na Jalada

Mwaka ule Palma nzima, kaskazini mwa Msumbiji, ilikuwa ikiota gesi. Huyu anaota nyumba ya bloko, yule anaota pikipiki, mwingine anaota kazi ya ulinzi na buti mpya. Fauzi, dereva wa wazungu waliokuwa wakipima ardhi, yeye aliota sinema. Si sinema ya kibandani, ambako filamu imeibwa kwa kamera ya mfukoni na kichwa cha mtu kinapita katikati ya picha kila dakika mbili. Hapana, bwana. Fauzi alitaka picha safi, picha ya kumwona mtu mpaka jasho la juu ya mdomo. Alikuwa na televisheni pana, deki ya Blu-ray, na spika mbili zilizomfanya mkewe Zubeida amuulize, "Babake Nadia, hii ni nyumba au msikiti wa Ijumaa?"

Diski zake thelathini na moja zilikaa kwenye rafu, mgongo kwa mgongo, na kila wiki alizifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani. Watu walimcheka. Na yeye aliwacheka wao.

Jioni hiyo jua lilikuwa limeanza kulegea Januário alipoingia na kasha begani. Januário alikuwa Mmakonde wa Mueda, Mkristo, mtunza stoo wa kambi ya wazungu hao, mtu wa mizaha ambaye hata Zubeida, asiyependa wageni wa jioni, alimpikia chai bila kuombwa.

"Mano, ndugu yangu," akasema, akilitua kasha mkekani. "Mhandisi kaenda kwao, kaacha diski zake zote. Chagua kumi. Zilizobaki nampelekea kaka yangu Mueda."

Wakaanza kuchagua. Fauzi alizishika moja moja kwa ncha za vidole, akiziinamisha kwenye mwanga wa dirisha kutafuta mikwaruzo. Yenye mkwaruzo, nje. Yenye lugha ambayo hata Januário na Kireno chake hakuielewa, nje. Iliyopita hapo iliingia kwenye deki, ikaonjwa dakika mbili tatu. Filamu ya vita, iwekwe. Ya mapenzi, itolewe. "Iache hiyo, mama Nadia ataipenda," akasema Januário, nayo ikarudi. Uani Zubeida alikuwa akitwanga mihogo mikavu, tu, tu, tu. Mtoto Nadia alikuwa nyumba ya pili kwa mama Deolinda, akicheza na wenzake.

Chini kabisa ya kasha kulikuwa na diski isiyo na jalada. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu nyeusi: Locais sagrados. Mahali patakatifu.

Januário akaivuta pembeni. "Deixa, mano. Hiyo ni ya kazi. Walikuwa wakipiga picha za makaburi na mizimu, kabla watu hawajahamishwa kupisha gesi."

"Za huku kwetu?"

"Za huku huku. Iache."

Lakini macho hayana pazia. Fauzi alikuwa ameziona nchi za watu wote kwa picha safi, isipokuwa ya kwao. Akaitia kwenye deki.

Ikatokea ngoma ya majini.

Wanawake wamekaa duara chini ya miti. Katikati, msichana amefunikwa shuka jeupe, na mbele yake sahani yenye mayai, asali na chetezo cha ubani. Bibi mmoja mwembamba alipiga ngoma. Picha ilikuwa safi mno... Fauzi aliweza kuhesabu mishipa ya mikono ya yule bibi. Alifurahi, tusimsingizie. Alifurahi kama mtoto. Ngoma ilitoka kwenye spika ikaingia kifuani mwake moja kwa moja.

Tu... tu-tu. Tu... tu-tu.

Na uani, mchi wa Zubeida ukaacha mwendo wake, ukaifuata ngoma.

Tu... tu-tu.

Fauzi akatabasamu, akidhani mkewe anafanya mzaha. Halafu akasikia harufu ya ubani. Ndani ya nyumba ile hapakuwa na ubani.

Katika picha, msichana alianza kutikisika mabega. Hapo hapo adhana ya magharibi ikalia.

Mtoto yeyote wa pwani anajua: adhana ikilia, televisheni inazimwa na redio inanyamazishwa. Hayo hayafundishwi, mtu anakua nayo. Fauzi akachukua rimoti.

"Subiri kidogo," akasema Januário. "Inakaribia mwisho."

"Mungu kwanza."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Sasa, mtoto huyo huyo wa pwani anajua na jambo la pili. Ngoma ya majini haikatwi katikati. Jini ni mgeni. Umemwita, umlishe, kisha umuage. Fauzi aliyajua hayo tangu yuko mgongoni mwa bibi yake. Lakini hii ilikuwa picha, na nani aliwahi kuitengea picha sahani?

Adhana iliendelea. Kwa kawaida Zubeida akiisikia tu, aliweka mchi chini na kujifunika kichwa.

Tu... tu-tu.

Hakuweka mchi chini.

Tu... tu-tu. Tu.

Kimya... Kisha nyayo, nzito kuliko nyayo zake.

Alisimama mlangoni na mchi mkononi. Khanga imemwanguka begani, unga wa mihogo umemjaa usoni, na macho yake hayakupepesa. Alinong'ona kwa sauti ya mzee mwenye mchanga kooni.

"Nani kaikata?"

Januário akainuka, mikono mbele, bado na tabasamu lake la mizaha. "Shemeji, calma, tulia, ni..."

Mchi ukashuka.

Ilisikika kama nazi inapasuliwa. Januário alipiga magoti, akashika kichwa chake kana kwamba amesahau jambo, na mchi ukashuka tena, shingoni, na tena, mgongoni, mpaka akalala juu ya diski alizokuwa akizichagua. Damu ikatambaa katikati ya majalada. Zubeida aliinama, akachovya vidole viwili, akavilamba.

"Sahani yangu," akanong'ona. "Ndiyo hii?"

Fauzi alitaka kupiga kelele lakini sauti haikutoka. Pigo lilimkuta begani, mfupa ukavunjika, akaanguka kifudifudi. Rimoti ilikuwa imeruka chini ya kabati. Akatambaa. Akashikwa mguu. Meno yakazama kwenye shavu la mguu wake, yakavuta, nyama ikatoka, na sasa sauti ilitoka, ikasikika mpaka barabarani. Kiti kilikuwa karibu na mkono wake mzima. Angeweza kumponda nacho. Lakini mkono uliomshika mguu ulikuwa na lile kovu la mafuta, kovu la siku Zubeida alipompikia maandazi mara ya kwanza, akaungua na kucheka. Alimpenda mwanamke yule. Kiti akakiacha, akanyoosha vidole chini ya kabati, akaipata rimoti, akabonyeza.

Ngoma ikarudi.

Meno yakaachia. Zubeida akasimama, akaanza kuyumba, kushoto, kulia, damu ikimdondoka kidevuni. Kwenye kioo yule bibi alipiga polepole, polepole zaidi, kisha akamwekea msichana mkono kichwani. "Jina lako nani?" akamuuliza. Msichana akajibu kwa sauti yake mwenyewe: "Atija." Wanawake wakapiga vigelegele, na picha ikaisha.

Zubeida akaanguka chini. Alikuwa anapumua taratibu, kama mtu aliyelala mchana.

"Alhamdulillah," akasema Fauzi, analia. "Alhamdulillah."

Akaitoa diski, akaivunja kwa meno na mkono mmoja, akajikokota hadi chooni na kuitupa shimoni. Aliporudi na kujifungia ndani, watu waliotoka msikitini walikuwa wameshafika uani, wanagonga na kuita. Ndipo akili ikamjia. Rafiki yake amekufa. Mkewe ana mchi mkononi na damu mdomoni. Palma ile ya wakati ule, watu wamejaa hofu ya ardhi yao kuchukuliwa na kila msiba unatafutiwa mchawi... wangemchoma kabla ya Isha.

Akamfuta mdomo kwa khanga yake. Akamfumbua vidole, akauchukua mchi.

Mlango ukavunjwa. Jirani yake Sufo alikuwa wa kwanza kuingia. Akaona, akarudi nyuma hatua moja.

"Fauzi... nani kafanya haya?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Tuligombania diski."

Walimpiga. Walimpiga kwa ngumi, kwa viatu, kwa ule mchi wenyewe, kisha wakamfunga kamba ya nailoni. Fauzi hakujitetea. Moyo wake, mtu asishangae, ulikuwa umetulia. Mama atabaki na mwanawe, alijiambia. Jela ina mlango, na mlango hufunguliwa.

Walikuwa wakimburuta kuvuka uani mama Deolinda alipofika mbio, kambeba Nadia. Aliingia ndani, ambako maiti ilikuwa imeshatolewa, akamkuta Zubeida ameketi kaegemea ukuta, akampakatisha mtoto.

"Mshike mwanao, binti yangu. Mshike upate nguvu. Zubeida?"

Zubeida alimvuta mtoto kifuani.

"Zubeida. Unanisikia? Zubeida!"

Jina liliitwa mara tatu, na mara tatu hakulijibu. Fauzi akaganda pale kwenye kamba zake. Yule bibi wa kwenye picha aliuliza jina kabla ya vigelegele. Yeye hakuuliza. Alishukuru tu.

Zubeida akainua uso. Akamtazama Fauzi kupitia mlangoni, juu ya nywele za mtoto, bila kupepesa, kisha akazinusa zile nywele polepole, tangu utosini mpaka shingoni. Midomo ikacheza. Fauzi peke yake ndiye aliyesikia.

"Sasa umeniandalia."

"Mtoeni mtoto!" Fauzi akapiga ukelele. "Mtoeni Nadia humo! Si mke wangu yule! Wallahi si yeye!"

Sufo akamzaba kofi la mdomo. "Umeua, na sasa unamtukana na mkeo?"

Nadia alisikia sauti ya babake, akaanza kulia, akigeuza kichwa kumtafuta. Mama Deolinda alikuwa mwanamke mwema. Hakutaka mtoto amwone baba yake amefungwa kamba namna ile. Akatoka nje, akamwacha Nadia mapajani mwa mama yake, akaurudishia mlango uliovunjika, na ili usifunguke, akaegemeza kinu juu yake.