Chumvi Haikolei

Vilishamizizi vilikuwa kazini tangu alfajiri. Vilikuwa vimashine vidogo kama punje za mtama, vinaishi ndani ya tope la mashamba yote ya Jiji la Ifakara, vikivuta naitrojeni hewani na kuilisha mizizi ya mpunga. Jani likififia kidogo tu, vilizidisha mlo. Mhandisi Adelina, aliyevibuni, alivifunza kama mama yake alivyomfunza yeye shambani: afya ya mpunga husomwa kwenye jani. Njaa ikawa hadithi bondeni, na watu wakampenda mno.

Siku ya mchele mpya shangazi yake, Fridolina, alishuka kutoka milima ya Uluguru, huko anakokula ulezi na maharage ya shamba lake. Nyumbani kwao mgeni ndiye huonja kwanza. Alitia tonge mdomoni, kisha akalitema kiganjani.

"Adelina mwanangu, wali huu kapika nani?"

"Mimi, shangazi."

"Chumvi imezidi. Haulikiki."

Adelina akaonja. Hakusikia chumvi hata chembe. Akawatazama ndugu zake mkekani. Walikuwa wakipitishiana kopo la chumvi, kama ilivyokuwa kawaida yao siku hizi.

"Na huyu mtoto?" Shangazi alimvuta Imelda, binti wa Adelina. "Mwaka jana nilimwacha na kimo hikihiki. Kidonda hiki cha goti si kilekile ulichoniambia kwenye simu wakati wa Pasaka?"

Adelina aliogopa. Alitia punje chache za mchele kwenye kipimapunje. Wanga ulikuwa tele. Zinki, madini yanayofunga vidonda, kurefusha watoto na kuupa ulimi ladha, ilikuwa karibu na sifuri. Mpunga ulioshindiliwa naitrojeni ulikuwa umezaa kupita kiasi msimu baada ya msimu, ukagawa zinki haba ya udongo kwa punje nyingi mno, mpaka udongo ukaishiwa. Na yeye muda wote huo alikuwa akitazama majani.

"Acheni kulisha," aliviamuru vilishamizizi kupitia redio ya mkononi.

Sauti tulivu ilijibu kutoka mashambani. "Majani yatafifia, Mhandisi. Ulitufunza tusikubali kamwe."

Alirudia amri, safari hii kwa kupaza sauti.

"Majani ni ya kijani," ilisema ile sauti. "Mpunga ni mzima."

Imelda akamsogezea mama yake sahani.

"Mama, niongezee chumvi."